Mafuta Yangu, Ndagaa Zake

Nilifika Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 2017, mjane mwenye watoto, nikitoka upande wa Nyunzu, ambako vita vya Watwa na Waluba vilikuwa vimeteketeza vijiji. Tulikaa kambi ya Katanika, kwenye vibanda vya nyasi. Ndugu wa marehemu mume wangu waliokuwa mjini walitupokea siku za mwanzo, kisha wakaanza kuhesabu vinywa. Siwalaumu, nao walikuwa na njaa yao. Lakini aliyetuvusha hakuwa ndugu, wala hakuwa mpenzi. Alikuwa mvuvi aliyeishiwa mafuta ya injini.

Wavuvi wa ndagaa huingia ziwani jioni, huwasha taa gizani ili samaki wazifuate, na hurudi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, basi mitumbwi hulala nchi kavu na pesa huisha nyumbani. Giza likirudi, mwenye mtumbwi ana nyavu na mikono, hana mafuta. Wakati huo zamu yangu ya likelemba, yaani upatu wetu, ilikuwa imefika. Muzee yule akanijia ufukweni: “Mama, mafuta iliisha. Unisaidie, nitakupa beseni ya kwanza mbele ya wote.”

Kabla yake mvuvi mwingine alikuwa ameniahidi samaki kwa bei ya mwili wangu. Jambo hilo si la ziwa letu peke yake; kule Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, lina hata jina, jaboya. Ndiyo maana nilimuuliza muzee mbele ya mkewe: beseni ngapi kwa bidoni moja ya mafuta, na nisipolipwa itakuwaje? Alijibu yote bila kukasirika. Mkewe akawa shahidi wetu.

Mimi niliandika hesabu kwenye daftari kuukuu la shule la mwanangu. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo alifunga fundo kwenye kamba ya wavu kila aliponipa beseni. Mwezi ulipojaa tulikaa barazani kwake, mimi nikitaja mistari, yeye akipapasa mafundo kwa kidole gumba. Ikitokea tofauti, mkewe ndiye aliyeamua, na mara nyingine alinipa haki mimi.

Watu walisema sana. Wengine: huyo anakutaka. Wengine: hakupendi, anakutumia. Hakunipenda, kweli, nami sikumpenda. Ila nimeona mapenzi yakimwacha mwanamke na deni na mimba, na sijaona kamba ile ikidanganya. Kwa mtu aliyepoteza kila kitu, kuhitajiwa ni heshima. Yeyote anayepanga foleni hupewa msaada, lakini mafuta yangu yalingojewa.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda likaingia mjini, na mchanga niliokuwa naanikia ndagaa ukawa maji. Muzee alinipa sehemu ya uwanja wake, nijenge vichanja vya miti. Hakunipa bure: alikata beseni moja kila mwezi, na nilishukuru kwamba alikata, kwa sababu mgeni wa bure hufukuzwa siku yoyote. Mpangaji ana neno la kusema.

Watoto wanasoma. Ndagaa zangu kavu huenda kwa treni hadi Kabalo, treni inapotembea. Mafuta yamepanda bei tena, na juzi tumepatana upya: beseni moja zaidi kwa kila bidoni, hadi masika yaishe. Muzee alitaka nusu beseni. Mkewe alikataa.