Chumvi ya mama kwenye mizani

Huku Croydon sisi wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua.

Leo tuongelee vipimo vya jikoni, maana wengi mnaniuliza kama ni kweli wazungu hawawezi kupika bila mizani. Ni kweli na si kweli. Mapishi ya huku huandikwa kwa gramu, na nyumba nyingi zina mizani ndogo, hasa kwa ajili ya keki. Lakini hapa Croydon kuna soko la Surrey Street, lilipewa hati mwaka 1276, na humo mtakuta nyanya na hoho zimejazwa kwenye mabakuli, bei ni kwa bakuli. Si ndiyo fungu la Kariakoo hilo, limebadilishiwa chombo tu!

Na sisi tusiseme hatuna vipimo. Watu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Maji ya wali mpaka leo tunapima kwa pingili ya kidole.

Shida ni kwamba kipimo cha macho hakisafiri. Mama akiniambia kwenye simu "konzi tatu za unga, sukari kiasi, tui mpaka uone linatosha", macho yanayoona ni yake, yamezoea sufuria yake na unga wake. Unga wa huku ni mwingine na tui ni la kopo. Basi nikamwomba mdogo wangu anunue mizani, mama achote, yeye asome. Mama alicheka sana, eti tunampima mkono kama mtoto kliniki. Konzi ya kwanza gramu 64, ya pili 62, ya tatu 65. Jamani, mkono ule ni mizani!

Sasa maandazi yake nayapika hapa kwa gramu, na siku moja wajukuu zake watayapika hata kama hatakuwepo wa kuulizwa.

Ila tulipofika kwenye chumvi, kicheko kiliniisha. Chumvi ya sufuria moja ya maharage ya mchana, watu wanne, ilikuwa gramu 14. Akarudia, 14 tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Kwa watu wanne ni chini ya gramu 20, na hapo bado mkate wa asubuhi, mboga ya usiku na vile vidonge vya mchuzi ambavyo navyo ni chumvi. Na mama ana presha, mnajua wote.

Msimlaumu kwamba hajui kukadiria. Anakadiria sawasawa kabisa! Tatizo ni kwamba mkono unautii ulimi, na ulimi umezoea chumvi hiyo miaka mingi. Kwa hiyo kumwambia "mama punguza kidogo" hakusaidii, maana "kidogo" yake ni ileile. Hapa ndipo jicho linapaswa kukiachia kijiko.

Naomba tufanye hivi. Asubuhi mpime chumvi ya siku nzima ya nyumba, muiweke kwenye kibakuli, kopo lirudi kabatini. Tumieni kijiko cha kupimia cha mililita 5, kwa sababu vijiko vyetu vya chai havilingani, na msawazishe juu kwa kisu. Tuanze na vijiko vitatu, baada ya wiki chache viwili, ambavyo ni kama gramu 12. Vidonge vya mchuzi tuviache, tuongeze ndimu, tangawizi, kitunguu saumu. Mwanzoni mtaona chakula kimepooza, vumilieni, ulimi hujifunza upya ndani ya wiki kadhaa. Na dawa zake asiache hata siku moja.

Unga, nazi na iliki mwachieni mama apime kwa mkono wake, hapo hana mpinzani. Chumvi tu ndiyo tumwombe. Dada mkubwa, wewe ndiye anayekusikiliza, mweleze kwa upole, asione tumemnyang'anya jiko lake.

Haya, nasubiri majibu yenu. Msalimieni sana.