Msimu Mmoja Kwenye Maziwa ya Ugenini

Mimi ni mtoto wa Pangani, na kwa watu wa Pangani maji yana tabia zake. Yanakupwa na kujaa, yana bamvua na maji mafu, na mvuvi huutazama mwezi kabla ya kupanga siku yake. Nilipofika Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka jana, kilichonishangaza zaidi hakikuwa magari wala majengo, bali ziwa lililokaa palepale. Nililitazama asubuhi, nikalitazama tena jioni. Halikupwa wala halikujaa. Nikajiuliza, maji yasiyokwenda popote, mtu atajuaje wakati wa kuyaendea?

Nilikwenda huko kwa mwaliko wa mwanangu wa pekee wa kiume, ambaye tulikuwa hatujaonana kwa miaka 18. Ndani ya miaka hiyo mama yake alifariki dunia, tukamzika yeye hayupo. Alipiga simu akilia, akaeleza kwamba karatasi zake za ukaazi bado zilikuwa zinashughulikiwa, na kwamba akitoka huenda asiweze kurejea kwa mkewe na mtoto wao mwenye miezi michache. Nilimjibu kwamba nimeelewa. Ndugu msomaji, sikuwa nimeelewa. Nilibaki na kinyongo, nikakifunika kwa salamu za Ijumaa na za sikukuu, na siku niliyopanda ndege Dar es Salaam nilisafiri nacho.

Kile kitoto cha miezi michache sasa ni kijana wa miaka 12. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na Kiingereza changu ni cha darasani, cha mwalimu mstaafu, ambacho yeye hucheka kila nikikitamka. Wiki ya kwanza tulikuwa tukitazamana tu sebuleni. Wiki ya pili akaniletea ufito wa kuvulia wenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, akasema, "Babu, twende." Ndivyo ulivyoanza msimu wetu.

Jimbo la Minnesota lina maziwa 11,842, kwa kuhesabu yale tu yenye ukubwa wa takriban hekta nne na zaidi. Wataalamu wanaeleza kwamba mengi yalichimbwa na barafu nzito iliyoifunika ardhi ile zamani, kisha ikayeyuka na kuacha mabonde yaliyojaa maji. Jina lenyewe la jimbo limetokana na lugha ya Wadakota, wenyeji wa asili, na hutafsiriwa kuwa ni maji yenye rangi ya mawingu. Katika jiji la Minneapolis, ambako mwanangu anaishi, mtu huweza kutoka msikitini na kufika kando ya ziwa kwa mwendo mfupi wa gari. Waislamu wa jiji hilo ni wengi, hasa ndugu zetu Wasomali, na mwaka 2023 baraza la jiji liliruhusu adhana za swala zote tano zisikike kwa vipaza sauti mwaka mzima.

Samaki tuliyemwendea huitwa besi. Wako wa aina mbili. Yule wa kinywa kikubwa alinikumbusha chewa wetu wa mwambani: taya limepita nyuma ya jicho, mgongo ni wa kijani, na ubavuni una mstari mweusi uliokatikakatika. Yule wa kinywa kidogo ana rangi ya shaba na mistari ya kusimama, na taya lake halivuki jicho. Wote wawili ni wawindaji. Wa kinywa kikubwa hujificha katika majani ya ziwani, chini ya mayungiyungi na katika vivuli vya magati ya mbao, akingoja kisichojua kipite.

Uvuvi wake ulinilazimu nianze upya. Nyumbani tulifunga chubwi, tukateremsha mshipi hadi chini, tukasubiri. Huku nilifundishwa kurusha chambo bandia, mfano wa mnyoo laini, karibu kabisa na majani, kisha kukivuta polepole kama kitu kilichochoka. Siku tatu nilinasa majani tu. Mjukuu wangu alikuwa akinifungulia ndoano bila kusema neno, kwa adabu iliyonifurahisha, na siku ya nne akaniambia, "Babu, usiwe na haraka." Maneno hayo niliwaambia wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka 30.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa Juni, katika ghuba moja ya ziwa Minnetonka, magharibi mwa jiji. Ziwa hilo lina ghuba nyingi zilizounganishwa, na maji ya ghuba ile yalikuwa maangavu hata chini kuonekana. Tulikuwa katika mashua ndogo aliyoazima mwanangu kwa mfanyakazi mwenzake. Nilinasa samaki wa kama kilo moja na nusu. Nikamshukuru Mola, nikanyoosha mkono kumtia katika ndoo, na mjukuu wangu akanishika mkono. "Huyu hapana, Babu. Huyu ni baba."

Nilikasirika. Riziki imefika mkononi, unaitupa majini? Lakini mwanangu alinionyesha chini. Palikuwa na duara la mchanga lililosafishwa, kama uwanja uliofagiwa. Akanieleza kwamba maji yanapoanza kupata joto, besi dume huchimba kiota kwa mkia wake, jike hutaga na kuondoka, na dume hubaki kuyalinda mayai na kisha vifaranga. Akiondolewa, samaki wadogo bapa wanaozurura karibu huvamia na kuyala yote kwa dakika chache. Nikatazama, na kweli wawili watatu walikuwa wameshaanza kuingia. Nikamrudisha mwenyewe, kwa mikono yangu iliyolowa. Alikwenda moja kwa moja hadi katika duara lake, na wale wadogo wakatawanyika.

Usiku ule sikulala upesi. Samaki asiye na akili hakuondoka mlangoni kwake. Nilimfikiria mwanangu, aliyebaki na mtoto mchanga siku ambayo mimi nilimtaka awe makaburini Pangani. Lakini kinyongo hakitoki kwa wazo moja, na asubuhi sikusema chochote.

Lilikuwapo swali jingine lililonikera. Wavuvi wengi wa kule huvua, wakapiga picha, wakarudisha, na kuvua tena, kutwa nzima, bila kukusudia kula hata mmoja. Mjukuu wangu na wenzake wa shuleni walishindana kwa hesabu ya picha. Je, hilo lina uhalali gani? Tulimwendea sheikh mmoja baada ya swala ya Ijumaa. Alitujibu kwa upole kwamba samaki ni halali na hahitaji kuchinjwa. Linalotazamwa ni nia na namna. Anayevua kwa ajili ya chakula, akamrudisha mdogo au anayelinda kiota, amefanya la huruma. Ama kumtoboa kiumbe kinywa kwa ajili ya kicheko na picha, kisha kumwacha na kumtoboa mwingine, hilo alituonya nalo, akatukumbusha kwamba Mtume wetu (SAW) alikataza kukifanya kilicho hai kuwa shabaha ya mchezo.

Mjukuu wangu alinuna ndani ya gari hadi nyumbani. Kisha akauliza, "Tukitosheka kwa chakula cha jioni, tunakunja mishipi?" Baba yake akasema ndiyo. "Na yule baba wa kiota, kumrudisha haikuwa mchezo?" Nikamjibu kwamba haikuwa mchezo hata kidogo. Basi tukawa na sheria ya nyumba: tunavulia chungu, na chungu kikitosha tunaondoka. Sikuona kijana akipungukiwa na furaha kwa sababu hiyo. Kinyume chake, alianza kuchagua, kupima na kufikiri kabla ya kurusha.

Sheria za nchi nazo tulizifuata. Mimi mgeni nilikata leseni, wakati mtoto wa umri wake hahitaji, na kila aina ya samaki ina idadi ambayo mvuvi haruhusiwi kuizidi. Mashua ikitoka majini hutolewa maji yote na kusafishwa majani kabla ya kupelekwa ziwa jingine, maana wamo kome wadogo wenye milia waliotoka ng'ambo ambao wakiingia ziwani hawatoki tena; Minnetonka waligunduliwa mwaka 2010. Mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alipima kwa uangalifu kiasi cha samaki alichokula. Idara ya afya ya jimbo huwashauri wajawazito na watoto kupunguza samaki wakubwa wanaokula wenzao, kwa kuwa zebaki hujikusanya katika nyama yao. Sisi wengine tulimla besi kwa ndimu, chumvi na tui la kopo. Ni samaki mweupe, asiye na harufu kali. Mtu wa pwani atasema amekosa bahari, lakini hatabakisha.

Kiangazi cha huko ni kirefu kwa namna ya ajabu. Mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku. Tulikuwa tukitia udhu kwa maji ya ziwa na kuswali Maghrib kando ya gati, huku watoto wa majirani bado wanaendesha baiskeli. Kibla nacho kilinipa somo. Pangani tunaelekea kaskazini. Kule nilidhani tutaelekea mashariki au kusini yake, kumbe ni kaskazini mashariki, kwa kuwa njia fupi ya kuizunguka dunia hadi Makka hupitia huko. Mjukuu wangu alinieleza kwa chungwa na uzi. Nilijifunza kibla kwa mtoto niliyekwenda kumfundisha.

Mwezi wa Agosti tulisafiri kaskazini hadi Mille Lacs, ziwa lenye kilomita za mraba zaidi ya 500, ambalo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Hapo moyo wangu ulitulia, kwani lilifanana na bahari. Besi wa kinywa kidogo wanakaa katika mawe, na wanapambana kwa nguvu kuliko ukubwa wao. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama wasafiri, juu ya turubai tuliloligandamiza kwa mawe dhidi ya upepo. Nilikuwa imamu, nyuma yangu mwanangu na mwanawe. Nilipotoa salamu nilitambua kwamba tangu aondoke nyumbani sikuwa nimewahi kumswalisha.

Septemba, majani ya miti yakianza kugeuka rangi, zilibaki siku tano niondoke. Mwanangu alituchukua hadi ziwa Nokomis, ndani ya jiji, ambako kwa msimu mzima hatukuwa tumekwenda, ingawa ndilo lililo karibu na nyumba yao. Tulirusha mishipi bila kupata kitu. Mjukuu wangu akaniambia kwamba jina hilo, kwa lugha ya Waojibwe, maana yake ni bibi. Baba yake akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Baba, siku mliyomzika mama nilikuja hapa. Tulikuwa Waislamu watano. Tukamswalia swala ya ghaibu pale penye nyasi. Wenzangu walipoondoka sikuweza kwenda nyumbani. Mmoja aliniachia ufito wake, nikakaa na mshipi majini hadi usiku. Sikutia hata chambo. Nilitaka tu kushika mshipi, kama ulivyonifundisha."

Hivyo ndivyo alivyoanza kuvua katika maziwa yale. Miaka yote hiyo nilihesabu kwamba hakuwapo mazikoni. Sikuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Nilimwambia, "Mwanangu, niwie radhi." Akaniambia, "Astaghfirullah, Baba, wewe huniombi radhi mimi." Nikamwambia kwamba haki ni haki, hata ya mtoto kwa mzazi. Tukalia, na kijana akatutazama sote wawili, akakunja mishipi mitatu peke yake bila kuambiwa.

Ndugu zangu wazazi, wengi wetu tuna watoto waliotawanyika Muscat, London, Nairobi na Marekani. Tunawahesabu kwa fedha wanazotuma na kwa misiba wasiyohudhuria. Naomba tuwaulize pia: siku ile ulikuwa wapi, na nani alikuwa pamoja nawe? Huenda jibu likatutoa katika dhana tuliyoilea kwa miaka, na dhana nyingine ni dhambi.

Nimerejea Pangani, Alhamdulillah. Mjukuu wa pili alizaliwa Oktoba, msichana, na amepewa jina la bibi yake. Kila Jumapili yule mkubwa hunipigia simu. Ziwa lao limeganda, na watu wanavua kwa kutoboa barafu, jambo ambalo nimeliona kwa picha na bado naliona gumu kuliamini. Yeye kwanza hunisalimia, "Shikamoo, Babu," kisha huuliza swali lake lilelile, kwa Kiswahili kinachonyooka kila wiki:

"Babu, leo maji yamejaa au yamekupwa?"

Nami hutoka hadi barazani kuyatazama kabla sijamjibu. Insha'Allah, watakuja wote mwezi wa Julai, naye atayaona kwa macho yake.