Kimeo Hakikuwa na Kosa

Mwaka 1984, mjukuu wangu, wiki chache baada ya Waziri Mkuu Sokoine kuzikwa, nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Sabuni ilikuwa ya mgawo, na glavu tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda ili zifae tena. Chumba chetu kilinukia halotheni, dawa ya usingizi yenye utamu unaokwenda kukaa nyuma ya koo, ikichanganyika na spiriti na, dirisha likiachwa wazi, harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni.

Akaletwa mtoto wa miaka 3, kafungwa mgongoni kwa kanga iliyopauka. Mama yake alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Mtoto alikohoa zaidi ya mwezi, na nyumbani walishakata shauri kuwa ni kimeo, kile kinyama cha kooni: kimerefuka, kinamkereketa, kikatwe. Mama mkwe akatoa jogoo na noti ya shilingi 20, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere, fundi wa kukata vimeo akafanya kazi yake. Usiku kucha mtoto akawa anamezameza usingizini, mama akashukuru kwamba angalau amelala. Alfajiri akatapika damu nyeusi. Kidonda cha koo ndivyo kinavyodanganya, mjukuu wangu: damu haionekani kwa kuwa inamezwa, na mtoto ambaye malaria imeshamla hana damu ya akiba. Tulipompokea viganja vilikuwa vyeupe. Mjomba wake akajitolea damu, ikamwingia tone kwa tone, kidonda kikatulia. Kikohozi kikabaki palepale.

Daktari wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Akamsikiliza kifua muda mrefu. Kushoto hewa ilipita vizuri, kulia ilipiga mluzi. Kisha akamwuliza mama swali ambalo hakuna aliyemwuliza, si fundi wala zahanati alizopitia: huyu aliwahi kupaliwa? Mama akafikiri. Naam, siku walipokuwa wakimenya karanga mpya, mtoto alikuwa akitafuna huku anacheka, akapaliwa mpaka midomo ikageuka rangi, halafu akapoa. Kila mtu akamshukuru Mungu, wakasahau.

Njia ya hewa ya pafu la kulia ni pana na imenyooka zaidi kwenda chini kuliko ya kushoto, ndiyo maana vitu vingi huangukia huko. Sarafu ungeiona kwenye picha ya eksirei, karanga haionekani. Tena ni mbaya kuliko kijiwe, kwani hulowa ikavimba, mafuta yake huchoma nyama ya ndani, na ikikaa sana humeguka ukiibana. Tangu daktari Gustav Killian alipomtoa mkulima mmoja mfupa katika njia ya hewa huko Ujerumani mwaka 1897, kazi hii hufanywa kwa mrija unaopitishwa kinywani, bila kupasua kifua. Ugumu wake ni kwamba daktari na mtoa usingizi wanahitaji tundu lilelile, huyu atazame, yule ampe mtoto pumzi.

Basi mtoto akalazwa usingizi, mrija ukapitishwa, nami nilikuwa nimemshika kichwa karanga ilipomeguka. Nusu ikatoka na koleo. Nusu ikaponyoka na kukwama katika bomba kuu la hewa, mapafu yote mawili yakakosa hewa. Mtoto akaanza kuwa samawati. Daktari hakuing'ang'ania. Aliisukuma irudi kulia ilikotoka, ili pafu la kushoto lipumue, akangoja rangi irudi, ndipo akaifuata tena taratibu. Sijaona uamuzi wa kijasiri kuliko ule, na aliufanya bila kupandisha sauti.

Mama aliomba vile vipande, akavifunga kwenye pindo la kanga kwenda kumwonyesha mkwewe. Msimu uliofuata bibi huyo alikuja mwenyewe na mjukuu mwingine anayekohoa, na kabla ya salamu kwisha akaanza kumweleza daktari mtoto alikula nini, lini, na kama alipaliwa. Huyu hakuwa na karanga. Ilikuwa nimonia, akachomwa penisilini, akapona, na kimeo chake hakikuguswa.