Nani Aliifuta Aya Ile?

Likizo iliyopita nilikaa siku nne kwa dada yangu mjini Sumbawanga. Jioni za Ufipa zina baridi hata kwa aliyezaliwa huko, hivyo tuliketi karibu na jiko la mkaa, mimi na mpwa wangu, kijana anayeandika programu kwa wateja walio Dar es Salaam. Umeme ulipokatika nilidhani atafunga kompyuta. Hakufunga. Aliendelea kwa betri, bila mtandao, katika dirisha jeusi lisilo na kitufe hata kimoja.

“Hapa hakuna cha kubofya, mjomba. Unaandika amri.”

Ana orodha ya kazi, kila moja na namba yake. Akiandika amri ya kuanza kazi namba 27, chombo humfungulia tawi lenye namba hiyo. Humo hujaribu, hukosea na kufuta bila kuligusa shina. Kila hatua huiwekea maelezo ya alichobadilisha na sababu yake. Mwenzake akisharidhika, tawi huunganishwa na shina na kazi hufungwa.

Chombo hicho amekitengeneza mwenyewe juu ya Git, programu ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo. Katika Git kila mshiriki hubeba historia nzima kwenye kompyuta yake. Ndiyo maana giza lile halikumsimamisha kijana.

Mliopitia masijala mtatabasamu. Jalada lina namba, kila barua ina folio, na dokezo hueleza nani alishauri nini kabla ya mkubwa kuidhinisha. Marehemu baba alikuwa karani wa masijala; folio ikikosekana, siku hiyo tulikula bila yeye. Sheria ya Serikali Mtandao tunayo tangu 2019, na majalada mengi sasa hupita kwenye mfumo. Lakini rasimu, kabla haijawa jalada, bado huzurura kwa barua pepe ikiitwa “ripoti ya mwisho”, kesho yake “ripoti ya mwisho kabisa”.

Nalijua hilo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya watu saba katika taasisi nitakayoiacha bila jina. Aya moja ya ripoti yetu ilibeba maelezo ya wanafunzi wa kike walioombwa rushwa ya ngono. Ripoti iliporudi kwa ajili ya saini, aya ile haikuwamo. Niliuliza, kila mjumbe alisema ameipokea hivyo hivyo. Nikasaini.

Nilimwuliza mpwa wangu kama chombo chake kingemtaja aliyeifuta. Alifikiri kidogo. Git ina amri ambayo jina lake, kwa Kiswahili, ni lawama: huonyesha nani wa mwisho kuugusa kila mstari. Ila mstari uliofutwa haupo tena wa kulaumiwa, akasema. Ungelazimika kurudi katika historia hadi kwenye badiliko lililouondoa, na hapo ungekuta jina, tarehe na saa. Hata hivyo jina hilo mtu hulijaza mwenyewe, na mwenye mamlaka anaweza kuiandika upya historia ya shina. Kinachomfichua ni nakala walizo nazo wengine, kwa sababu hazitalingana na yake.

Kisha akanigeukia.

“Nakala yako ya mwanzo, mjomba, unayo?”

Ninayo. Ipo katika barua pepe ya zamani, na aya ile ipo ukurasa wa 19, katika maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe baada ya kuwasikiliza wasichana wale siku nzima. Nilimwambia hivyo. Hakujibu kitu; alisogeza jiko karibu na miguu yangu, akarudi kwenye kazi namba 27.