Treni Ilipokuwa Inangoja Hadithi Iishe

Gadi mstaafu aliyetuongoza kwenda Kigoma hakuwa na kipaza sauti wala kijitabu cha watalii. Alikuwa na saa ya mfukoni iliyokwisha kufa, ambayo hata hivyo aliichungulia kila tulipokaribia stesheni, na sheria moja tu: hadithi haisimuliwi treni ikitembea. Ikitembea, alisema, magurudumu nayo yana ya kwao ya kusimulia, na wawili hawasemi kwa pamoja wakasikika. Basi tulingoja. Kwa treni ya Reli ya Kati ya miaka ile kungoja hakukuwa shida, maana kusimama ilisimama mno.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa walimu wa historia na jiografia kutoka shule mbalimbali za Dar es Salaam, tumechangishana nauli kwa ajili ya likizo ya Juni: Morogoro, Dodoma, Tabora, Ujiji, kisha boti hadi Gombe kuwaona sokwe. Siku hizi ingeitwa pakeji na tungeshonewa fulana za sare. Wakati ule tuliiita ziara ya masomo ili wakuu wa shule waridhie, ingawa mikobani mwetu karata zilikuwa nyingi kuliko madaftari.

Somo la kwanza tulilipata Ruvu, tulipokuwa tukipisha treni ya mizigo. Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 walikuwa Morogoro, 1912 Tabora, na Februari 1914 wakafika Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Agosti vita vikaanza. “Miezi sita, walimu wangu,” alisema mzee. “Kazi ya miaka tisa, raha ya miezi sita.” Lakini hakuwasikitikia. Kwake yeye reli ile ilikuwa njia ya babu zake Wanyamwezi iliyowekewa chuma. Misafara ya Bagamoyo ilichukua kama miezi mitatu kufika Tabora, pembe na vitambaa vikiwa mabegani mwa wapagazi, na reli ilipokuja ilishika uelekeo uleule. Mwenzetu mmoja alikuwa Mzaramo, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyohiyo, alikiona cha moto. Kila mzigo uliopitishwa dirishani ulikuwa wake. “Babu zako walikaa pwani wakitungoja tuwaletee pembe. Leo mpagazi ni wewe.”

Bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, tulipaswa kulipita usiku. Tulilipita asubuhi, kwa sababu ambayo hakuna aliyetueleza, na nashukuru mpaka leo kwa ucheleweshaji ule. Milima inabana pande zote mbili, reli inajikunja ubavuni mwa mto, na mto wenyewe ni mkorofi: mara nyingi mvua zikizidi huzoa tuta na reli yake, na mafundi huanza upya. Pale Gulwe tulikaa mpaka jua likawa kali. Ndipo mzee akatuingiza Ugogo, nchi kavu ambako watemi waliwatoza wenye misafara hongo kwa ajili ya kupita na kupata maji. Wageni Wazungu wa karne ya 19 waliandika malalamiko marefu juu ya hongo ile. Mzee alicheka: “Wewe umekuja na watu mia kadhaa, unakausha kisima cha mwenyewe, halafu unanung’unika kulipa?” Nilifundisha mada hiyo miaka mingi baadaye, na sikupata kuieleza kwa ufupi unaolingana na ule.

Halafu Saranda. Aliyepita Reli ya Kati na asitaje kuku wa Saranda, ama alikuwa mgonjwa ama alikuwa amelala. Magharibi ya Dodoma treni inauacha uwanda na kuanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo akina mama walikuwa wakiingoja, mabeseni kichwani, kuku wamekaangwa mzimamzima, mayai ya kuchemsha, chumvi na pilipili kwenye karatasi. Biashara yote ilifanyika dirishani. Pesa inashuka, kuku anapanda, na ukizembea treni inaondoka na chenji yako imebaki chini, au kinyume chake. Mzee alikuwa na muuzaji wake wa miaka mingi pale, akamwita dada, akamuulizia watoto kwa majina, akaletewa firigisi bila kuomba. Sisi tukaelewa kwamba hadithi ya stesheni hiyo ilikuwa ni huyo mama.

Tabora tulishuka, tukangoja treni nyingine, na kama ningepewa sehemu moja tu ya safari ile niirudie ningechagua hiyo. Tabora treni ilikuwa inakatwa: mabehewa haya ya Mwanza, haya ya Mpanda, haya ya Kigoma. Vichwa vilipiga honi na kurudi nyuma usiku kucha, watu wakihama na watoto na mabegi kutoka behewa moja kwenda jingine. Asubuhi tukaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwanzoni mwa 1872, na Livingstone akabaki peke yake hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Tulitazama kuta nene, tukapiga picha. Mzee alitupa muda, kisha akauliza: “Mmemaliza kwa wageni? Twende kwa mwenyewe.” Mwenyewe alikuwa Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga Wajerumani mpaka Januari 1893, boma lake lilipovunjwa naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Tulikuwa tumesoma habari zake. Hakuna kati yetu aliyekuwa amesimama kwenye udongo wake.

Jioni, kwenye yadi ya reli, alitueleza jambo ambalo baadhi yetu tulidhani ni chumvi ya mzee. Vita vya kwanza vilipowakata Wajerumani na bahari, walifyatua sarafu zao wenyewe huku Tabora, ndani ya karakana ya reli, zikiwemo za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo, rupia 15 kila moja. Haikuwa chumvi. Sarafu hizo za 1916 zipo, na wakusanyaji wa dunia wanazigombania kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu usiitaje. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Kutoka hapo nitapita upesi kama treni yenyewe isivyopita. Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi zilizochemshwa tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mto Malagarasi. Ujiji, miembe na ukumbusho wa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na kimya cha mji ambao zamani ulikuwa mkubwa kuliko Kigoma. Bandarini Kigoma tuliiona meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kisha ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye masanduku kama elfu tano na kuletwa kwa reli hii hii; Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, injini wakiwa wamezipaka grisi ili zisioze, na Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini 1927. Gombe, sokwe walituonyesha migongo tu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, alifika pale Julai 1960. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na siku hiyo nilipigiwa simu na yule mwenzetu Mzaramo, ambaye hakupata kumsamehe mzee wala sokwe.

Sasa, nisije nikasingiziwa. Treni ile haikuwa nzuri. Sisi tulikuwa daraja la pili, tuna mahali pa kulala. Daraja la tatu watu walisimama kutoka Dar hadi Dodoma, na choo kilikuwa na watu waliohamia humo na mizigo yao. Mwaka 2002 karibu na Igandu treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ikagonga ya mizigo, na watu zaidi ya mia mbili wakafa. Anayeililia reli ya zamani bila kuyataja hayo analilia ujana wake tu.

Ndiyo maana treni ya mwendokasi ilipoanza, Juni 2024 hadi Morogoro na Julai hadi Dodoma, sikununa hata kidogo. Stesheni ya Dar ina paa kama jiwe la tanzanaiti, tiketi unakata kwenye simu, treni ni ya umeme, inafika kilomita 160 kwa saa, na Dodoma unaingia baada ya saa tatu na nusu hivi. Wastaafu wenzangu wakaandaa safari ya kuongozwa: Morogoro, Dodoma, kisha basi hadi Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa. Nikajiandikisha wa kwanza.

Mwongozaji alikuwa binti msomi, mchangamfu, anatuita wazazi wangu. Alijua mambo mengi kuliko gadi wetu, na kwa usahihi zaidi. Akasimama kati ya viti, akaanza, “Mto mtakaouona kulia ni Ruvu,” na kabla hajataja misafara, Ruvu ilikuwa nyuma yetu. Milima ya Uluguru ilimkuta bado yuko Ngerengere. Alipofika Mkondoa na mafuriko yake, tukaingia handakini, na tulipotoka alikuwa anaeleza mto ambao haupo. Alikuwa anakimbizana na dirisha, maskini, na dirisha halikuwa na nia ya kumsubiri. Baadaye akakata tamaa, akatugawia maji, na wazee wakalala. Kolo, mbele ya mwamba usiokwenda popote, alisimulia vizuri mno: Mary Leakey na kazi yake ya kunakili michoro ile mwaka 1951, wachoraji, wanyama, watu wenye vichwa virefu. Kosa halikuwa lake.

Gulwe treni yetu ilipita bila kupunguza mwendo. Niliona kitu kama mwavuli, na mtu chini yake. Madirisha hayafunguki, na hata yangefunguka, kuku gani angerushwa kwa mwendo ule? Humo ndani wanauza soda na vitafunwa vya pakiti. Sidai stesheni zirudi kuwa masoko. Nauliza tu akina mama wa stesheni kama hizi wamehamia wapi, na sijasikia hotuba iliyowataja.

Magharibi ya Dodoma reli ya zamani bado inabeba watu, na ya kisasa inajengwa kando yake kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Itakapofika, nitaipanda nikiwa na shughuli. Kabla ya hapo nataka kumpeleka mjukuu wangu Tabora kwa ile ya zamani, tushuke, tungoje, tuende kwa Isike kabla ya Livingstone. Nimemweleza mpango wote, Saranda pamoja na kuku wake. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, “Babu, humo ndani kuna pa kuchajia simu?” Nimemwambia atafute pawabanki Kariakoo, na ya kwangu anunue.