Anayekaa Pembeni



Katika nyumba zetu nyingi hapa Lubumbashi, televisheni ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote sebuleni. Hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, pengine kwa zamu ya likelemba, na ikishaingia hupanga upya nyumba nzima: viti hugeuzwa kuielekea, saa ya chakula huifuata, na wageni huisifu kabla hawajamaliza kuwasalimu wenyeji. Sisi, ndugu watano tunaokaa Katuba pamoja na mama yetu, tulitumia zaidi ya mwezi mmoja kujadili ni aina gani tununue. Tumeona vema kuwashirikisha tuliyojifunza, kwa kuwa wengi wenu ndio mnaotumwa dukani mkiitwa "watu wanaoelewa mambo ya mashine."

Tulikuwa na dola 300 mkononi. Zamu yetu nyingine ya likelemba isingefika kabla ya mwaka kupita, na kabla ya hapo karo za shule zingekuwa zimeshadai haki yake. Kwa hiyo tulitaka kununua mara moja na kununua vizuri.

Jambo la kwanza tulilolazimika kulinyoosha ni majina. Katika duka moja, muuzaji alitueleza kwa uhakika kwamba LCD ni za zamani na LED ni za kisasa, kana kwamba ni vitu viwili vya asili tofauti. Sivyo. LCD ni kioo chenye fuwele za kimiminika ambazo hazitoi mwanga wowote. Kazi yake ni kama ya pazia za dirisha: hufunguka na kufunga, zikipitisha mwanga au kuuzuia. Mwanga wenyewe hutoka kwenye taa zilizo nyuma ya kioo au pembezoni mwake. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba iliyofanana na ile ya neoni tunayoifunga darini. Baadaye zikawekwa taa ndogo za LED, ambazo hula umeme kidogo na huruhusu televisheni kuwa nyembamba. Basi televisheni inayoitwa LED ni LCD iliyobadilishiwa taa. Hata ile inayoitwa QLED ni ya ukoo huohuo, ila imeongezewa tabaka la chembe ndogo mno zinazokoleza rangi.

Aina mbili nyingine hujitegemea kwa mwanga. Plasma ina vyumba vidogo visivyohesabika vyenye gesi. Umeme ukipita, gesi huwasha rangi iliyopakwa ndani ya kila chumba. OLED nayo ina nukta ambazo kila moja hujiwakia na kujizimia yenyewe. Kwa hiyo penye weusi pa picha hapana mwanga kabisa, nao huwa weusi wa kweli. Televisheni kubwa za OLED zilianza kuuzwa mwaka 2013, na hadi leo bei yake ni ya kuitazama kwa mbali. Tena, picha isiyosogea, kama vile nembo ya stesheni kwenye kona, ikikaa humo saa nyingi kila siku kwa muda mrefu, inaweza kuacha alama isiyofutika. Kwa dola 300 hatukuwa na sababu ya kuijadili OLED zaidi, tukaiacha.

Zikabaki mbele yetu njia mbili, na kila moja ilikuwa na mtetezi wake nyumbani.

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakosi mechi ya Mazembe, alikuwa ameona plasma ya inchi 42 iliyotoka Ulaya ikiwa imekwisha kutumika, kwa bei ya dola 150. Hakuwa mjinga katika kuipenda. Plasma huonyesha mwendo vizuri sana: mpira ukipigwa kwa nguvu hauachi mkia nyuma yake. Yaya wetu alitaka LCD mpya ya inchi 50, yenye kioo cha aina inayositiri mwanga vizuri, hivi kwamba filamu za usiku huonekana na kina na weusi wa kupendeza. Bei yake ilizidi kidogo akiba yetu, lakini alikuwa tayari kuongeza kutoka mfukoni mwake.

Hapo ndipo dada yetu alipouliza swali lililobadilisha mazungumzo: "Na Mama ataona nini?"

Ni lazima tueleze. Mama yetu alipooza upande mmoja wa mwili miaka mitatu iliyopita. Kitanda chake kiko sebuleni, kimeegemea ukuta wa kushoto, kwa sababu chumba chake cha zamani kina ngazi mbili na mlango mwembamba. Televisheni haiwezi kukaa mahali pengine ila ukuta wa mbele, kwa kuwa kuta nyingine ni milango na madirisha. Kwa hiyo sisi sote tunaitazama kwa mbele, naye anaitazama kwa ubavu. Jumapili, sisi tunapokwenda parokiani, yeye hubaki na mmoja wetu wakifuata Misa inayorushwa. Labda mnajua kwamba Papa Pio wa Kumi na Mbili alimtangaza Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni. Mapokeo yanasimulia kwamba Klara, akiwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, aliiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika kanisani mbali naye, kana kwamba iko ukutani mwa chumba chake. Mama anaipenda sana habari hiyo. Hatukuhitaji kueleza zaidi kwa nini ukuta ule ulikuwa na maana kwake.

Sasa, hapa ndipo aina za televisheni zinapotofautiana kwa namna ambayo tangazo halisemi. Vioo vya LCD si vya namna moja. Kuna vinavyotoa weusi mzito kwa anayekaa mbele, lakini ukisogea pembeni rangi hufifia na nyuso hugeuka majivu. Kuna vingine, vinavyojulikana kwa herufi IPS, ambavyo weusi wake si mzito sana, lakini picha haibadiliki kwa kiasi kikubwa hata ukikaa ubavuni. Kile cha Yaya kilikuwa cha namna ya kwanza. Plasma ya mdogo wetu, kwa upande wake, ilionekana vizuri kutoka kila pembe, na kwa muda tulidhani kwamba jibu limepatikana.

Tukaigeuza plasma na kusoma kibandiko cha nyuma. Kiliandikwa wati 250. Umeme wa mtaa wetu hukatika jioni nyingi, ndiyo maana tuna paneli ya jua na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100. Hesabu yake ni hii: 12 mara 100 ni wati-saa 1200. Betri ya namna yetu haifai kutumiwa zaidi ya nusu, isije ikafa mapema. Basi tuna wati-saa 600. Ukigawa kwa 250 unapata saa mbili na dakika chache, na ukiondoa kinachopotea katika kifaa cha kugeuza umeme, zinabaki kama saa mbili. Mechi ikienda hadi muda wa nyongeza, tungemalizia gizani. Zaidi ya hayo, Panasonic, Samsung na LG ziliacha kutengeneza plasma kati ya mwaka 2013 na 2014. Chombo kile kilikuwa na umri mkubwa, na vipuri vyake vingetafutwa kwa fundi kwa kubahatisha.

Kwa hiyo plasma ilimfaa Mama lakini haikuifaa betri. Kioo cha Yaya kiliifaa betri lakini hakikumfaa Mama. Tulikaa na jambo hilo siku kadhaa, na maneno hayakuwa matamu siku zote. Mdogo wetu alisema kwamba yeye pia ni mtu wa nyumba hii. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Kilichotutoa hapo ni kukubali kwamba hakuna aina isiyo na upungufu. Anayetafuta televisheni bora kuliko zote hatafika mwisho, kwa maana ile inayoshinda kwa weusi hushindwa kwa pembe, inayoshinda kwa mwendo hushindwa kwa umeme, na inayoshinda kwa yote hushindwa kwa bei. Tukaacha kuuliza ni ipi iliyo bora, tukauliza: upungufu tutakaouchagua, nani ataubeba? Kila mmoja wetu anaweza kusogeza kiti chake, kuzima taa, kwenda kutazama mechi kwa jirani. Mama hawezi kusogea. Basi upungufu ubebwe na wale wanaoweza kusogea.

Tulirudi madukani tukiwa na flashi yenye picha tulizozichukua wenyewe: kwaya yetu ikiimba kanisani jioni, penye mwanga hafifu. Tunawashauri mfanye hivyo pia. Picha za maonyesho dukani ni maua, samaki na bahari yenye jua kali; hapo kila kioo kinapendeza. Lakini nyuso zetu nyeusi katika mwanga mdogo ni mtihani wa kweli. Vioo viwili vya bei nafuu viliwageuza waimbaji wa safu ya nyuma kuwa kivuli kimoja kisicho na macho. Kisha, picha ikiendelea, dada yetu alihama kutoka mbele hadi pembeni kabisa, akainama hadi kimo cha kitanda, na kutuambia kama bado anawatambua waimbaji. Wateja wengine walimcheka kidogo. Naye hakujali.

Tulinunua LCD ya IPS ya inchi 43, yenye taa za LED, kwa dola 270. Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona: 43 ni kama sentimita 109. Kwa sebule ambayo macho yako mita mbili na nusu kutoka ukutani, inatosha. Kibandiko chake kinasema wati 70, na betri yetu inaipa saa saba hivi. Hatukulipia 4K, kwa kuwa stesheni tunazozitazama hazirushi picha za namna hiyo. Dola 30 zilizobaki tulinunulia kifaa cha kutuliza umeme, maana unaporudi kwa kishindo huua mashine nyingi kuliko uzee.

Upungufu upo, nao tunauona. Filamu za usiku zina weusi wa rangi ya majivu, na Yaya hulisema hilo kila mara. Mpira ukienda kasi huacha mkia mdogo, na mdogo wetu huenda kwa rafiki yake kutazama mechi kubwa. Lakini Jumapili ya kwanza Mama alimtambua padre kwa sura kabla hajasikia sauti yake, na aliyekuwa amebaki naye alituhadithia tulipotoka kanisani.

Ninyi mtakapotumwa dukani, mtakutana na majina mengi na herufi nyingi. Jifunzeni maana yake, kwa kuwa asiyejua huuziwa jina. Someni wati kwenye kibandiko kabla ya kusoma inchi kwenye boksi. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, ingieni kwanza sebuleni, mkae kwa dakika tano mahali pabaya kuliko pote, pale anapokaa bibi kizee, mgonjwa, mtoto mdogo au msichana wa kazi. Tazameni ukuta kutoka hapo. Mtajua cha kununua.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika nyumba yetu, nani hukaa mahali pabaya zaidi, na ni nani aliyemweka hapo?

2. Tunaponunua kitu cha watu wote, nani huulizwa na nani haulizwi?

3. Ni upungufu gani ambao mimi naweza kuubeba ili mwingine asiubebe?