Taa Zilizowaka Kupita Kiasi

Ndugu msomaji, huenda wewe unayo gari, au unaye ndugu mwenye gari, au, kama walivyo wengi wetu, huna ila miguu na baiskeli, na magari hukutana nayo tu usiku yakikujia usoni. Kwa vyovyote utakavyokuwa, habari hii inakuhusu, na naanza kwa kukiri kwamba mwenye makosa ndani yake ni mimi.

Ninayo pikapu ya Kijapani ambayo imekwisha zeeka. Ndiyo inayotulisha nyumbani. Nachukua magunia ya dagaa wakavu kutoka mwaloni Kibirizi, nayapeleka Kasulu, na kule nanunua maharage ya kurudi nayo Kigoma. Safari hiyo ni ya kilomita 90 na ushei, nayo aghalabu huanza jioni, kwa kuwa mchana kutwa hupotea katika kupima, kubishana bei na kufunga mizigo. Ni kweli kwamba kwetu jua huzama karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar es Salaam, lakini zawadi hiyo huisha kabla sijafika njia panda ya Kidahwe. Baada ya hapo ni giza, na katika giza hilo wamo watu: akina mama watokao mashambani, watoto, mbuzi, na vijana wenye baiskeli zilizofungwa mikungu ya ndizi na madumu ya mawese.

Taa zangu zilikuwa hafifu. Mke wangu alipata kusafiri nami mara moja, akanyamaza mpaka tulipofika, kisha akasema, “Baba, wewe njia huioni. Unaikumbuka tu.” Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa huhitaji takriban mita 53 ili lisimame, hapo lami ikiwa kavu na dereva akiwa macho. Mimi nilikuwa sioni hata nusu ya mita hizo.

Basi nikaenda duka moja pale Mwanga. Ni mtaa wenye jina linalofaa kabisa kwa shughuli hiyo, nami nililichukulia kuwa ni ishara njema. Kijana muuzaji akanipangia mezani balbu za namna tatu. Ya kwanza ilikuwa ya halojeni ya kawaida, ile ya miguu mitatu iitwayo H4, yenye wati 55 kwa mwanga wa karibu na wati 60 kwa mwanga wa mbali, ambao madereva huuita fulu. Ya pili ilikuwa sura ile ile, ila wati zake ni 90 kwa 100, na kioo chake kimetiwa rangi ya samawati. Ya tatu ilikuwa ya LED, ina feni ndogo mgongoni, na juu ya boksi lake yameandikwa maelfu ya lumeni ambayo hata mnara wa kuongozea meli ungeyaonea wivu. “Mzee,” akaniambia, “hii ukiiwasha ni mchana.” Nikaichukua hiyo hiyo. Sikuuliza swali hata moja, mimi ambaye nikinunua gunia la dagaa hutia mkono mpaka chini kuona kama halina mchanga.

Safari ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mashina yalimetameta, matawi ya miembe yakaonekana jani kwa jani. Laiti ningejiuliza hapo hapo taa za gari zina haja gani na matawi ya miembe! Magari yaliyonijia yalinipigia taa, moja baada ya jingine, nami nikadhani wananionya kwamba mbele kuna askari.

Kabla ya Kidahwe, mahali barabara inapopinda kidogo, nilimwona mwendesha baiskeli akinijia, madumu mawili nyuma. Nilimwona vizuri kabisa. Niliona hata viraka vya shati lake. Yeye hakuniona mimi wala barabara. Aliinua mkono kujikinga uso, usukani ukamshinda, akatoka kwenye lami na kutumbukia mtaroni.

Niliposimama na kurudi, nilimkuta mzee wa makamo ya baba yangu ameketi ndani ya mtaro akiushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mawese yalikuwa yanatiririka taratibu kwenye majani. Nilianza kuomba radhi, naye akanikatiza kwa upole ulioniumiza zaidi kuliko matusi: “Mwanangu, taa zako nimeziona. Nilichokuwa natafuta ni njia.” Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja. Tukarudi mjini hospitali, baiskeli juu ya magunia ya dagaa, na njia nzima niliendesha polepole nikiona haya kila nilipokutana na mtu.

Siku ya pili nikampelekea gari fundi umeme mmoja wa Ujiji ambaye si mwepesi wa maneno. Hakuzigusa balbu kwanza. Alichukua mita yake, akapima betri injini ikiunguruma, akapata volti 13.8. Akapima tena pale taa inapoishia, akapata 11.9. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotea njiani, katika waya chakavu, swichi iliyochoka na ule mwungano wa waya na bodi uliokuwa umefanya kutu. Hapo akanieleza jambo ambalo nalitamani kila mwenye gari alijue. Mwanga wa balbu ya halojeni haupungui sawa sawa na volti. Hupungua kwa kasi kubwa zaidi. Volti zikipungua sehemu moja ya kumi tu, mwanga hupungua karibu theluthi. Balbu ya kawaida ya H4, ikipata volti zake 13.2 kamili, hutoa takriban lumeni 1000 katika mwanga wa karibu na 1650 katika fulu. Zangu za zamani zilikuwa zikitoa labda 700, na hizo nazo zilipita katika kioo cha plastiki kilichogeuka manjano kama jino la mvuta tumbaku. Balbu zangu hazikuwa na kosa. Zilikuwa na njaa.

“Na hizi za mchana?” nikamwuliza.

Akaichomoa moja, akaiweka kando ya ile ya halojeni. Ndani ya balbu ya H4 mna nyuzi mbili, na chini ya uzi wa mwanga wa karibu kuna kijikombe kidogo cha chuma. Kijikombe hicho huzuia mwanga usiipige nusu ya chini ya sahani ya kuakisi, na kwa hiyo mwanga hutoka umekatwa juu kama kwa kisu: chini nuru, juu giza, ili ajaye asidhurike. Sahani nzima imechongwa kwa ajili ya uzi ule, mahali pale pale, kwa hesabu ya milimita. Balbu yangu ya LED ilikuwa na vipande bapa vya kutoa mwanga visivyokaa palipokuwa uzi, kwa hiyo sahani iliutawanya mwanga wake kila upande. Ziko zilizoundwa vizuri zaidi ya hiyo, alisema, ila taa iliyochongwa kwa halojeni inaitaka halojeni. Zile za wati 100 nazo alizikataa. Mbili zikiwaka pamoja zinavuta ampea zipatazo 16, na waya wa gari langu ungeyeyuka kabla sijafika Mwandiga. Kuhusu rangi ya samawati alicheka tu: rangi ni kichujio, nacho huzuia sehemu ya mwanga ulioulipia.

Shemeji yangu ni mvuvi wa Katonga, na jioni ile nilimsimulia mkasa huu kwa sababu maisha yake yote ni taa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Zamani kwa karabai, siku hizi wengi wametia taa za LED na betri, na mbalamwezi ikiwa kamili huweka vyombo pwani kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele ya mwezi. Akaniambia kwamba chomboni taa huinamishwa majini, na mvuvi mwenye akili haitazami taa yake mwenyewe, maana akiitazama kisha akageuka, haoni kamba wala mwenzake. Nilikumbuka kwamba hata mimi, katika ile safari ya fahari, palikuwa peupe mno karibu na bampa, na mbele zaidi pakawa peusi kuliko zamani. Nilidhani giza ndilo lililozidi.

Fundi alivuta waya mnene kutoka betri, akatia rilei mbili na fyuzi, akausafisha ule mwungano wa kutu, akavisugua vioo kwa msasa laini wenye maji mpaka vikarudi kuwa vioo. Akatia balbu za H4 za wati 55 kwa 60, bila kuzigusa kioo kwa vidole, kwa sababu mafuta ya mkono huchoma alama kwenye kioo cha halojeni na kukipasua. Kisha akanituma nirudi na mzigo. Hilo sikulitarajia. Gari likipakiwa magunia nyuma, mkia hushuka na pua huinuka, na taa iliyorekebishwa gari likiwa tupu huwa inamulika macho ya watu. Tulilisimamisha mbele ya ukuta, umbali wa mita 10, magunia yote juu, mwanangu ameshika futi kamba, fundi akazungusha skrubu mpaka ukingo wa mwanga ukashuka sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe.

Gharama zote, pamoja na waya, zilikuwa pungufu ya bei ya zile LED, ambazo mpaka leo zimo kabatini. Sitaki kumwuzia mtu.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwa yule mzee na madumu mawili ya mawese. Mkono ulikuwa bado umefungwa. Alinipokea vizuri, tukala ugali wa muhogo, na giza lilipoingia akaomba azione hizo taa mpya. Nikaliwasha gari. Akatembea mbele, akaenda mbali sana, kisha akageuka na kunijia kwa mwendo wake wa pole katikati ya njia, macho wazi, hajainua mkono. Alipofika dirishani akanitaka nizizime upesi, kwa sababu wadudu walikuwa wameanza kuingia nyumbani kwake.